Dawa ya Siku Nyingi Haiachwi kwa Siku Moja

KHUTBA YA KWANZA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa mwili na Mjuzi wa udhaifu wake, Mwenye kuteremsha maradhi na kuteremsha dawa. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni na najiusia nafsi yangu kumcha Yeye kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu mliohudhuria, na ninyi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, Kasulu na Kibondo, Buhigwe na Kakonko, na vijijini kote kandokando ya Malagarasi: mwezi wa Shaabani unakaribia kumalizika, na desturi ya mimbari katika siku hizi ni kuzungumza juu ya fadhila za Ramadhani. Fadhila hizo mmezisikia, na Inshallah mtazisikia tena Ijumaa ijayo. Leo nitasema juu ya vidonge. Nasema juu ya vidonge ambavyo mgonjwa amevimeza kwa miezi na miaka, na namna ipasavyo kuviacha wakati wa kuviacha unapofika. Anayeona kuwa jambo hili ni dogo kwa mimbari na asubiri kidogo, kwani sababu yake nitaieleza bila kuficha, na mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja kilicho mbali kidogo na barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo, alikuwapo kijana wa miaka 17, mwana wa mkulima wa maharage. Sitamtaja jina. Utotoni alipatwa na malaria iliyompanda kichwani, akapona malaria, lakini ikamwachia kifafa. Alianguka shambani, alianguka njiani, alianguka shuleni mpaka walimu wakaona ni heri akae nyumbani. Baba yake hakukata tamaa. Alimpeleka hospitali, akapewa dawa iitwayo fenobabitoni, akaambiwa aimeze kila usiku. Mwaka wa kwanza kuanguka kulipungua, kisha kukakoma. Ukapita mwaka wa pili na wa tatu hajaanguka hata mara moja. Alirudi shule, akatumwa mtoni na gulioni kama vijana wenzake.

Katika Shaabani ya mwaka ule baba yake alinijia baada ya Sala ya Ijumaa, uso wake umejaa furaha, akaniambia: "Sheikh, mwanangu Mungu amemponya. Safari hii nataka afunge Ramadhani kamili, tena bila ya vidonge. Tangu jana ameviacha vyote." Nami nikafurahi pamoja naye. Sikumwuliza kama daktari anajua, wala kipimo kilikuwa kiasi gani. Niliinua mikono nikamwombea. Na Ijumaa iliyofuata, juu ya mimbari kama hii, nilimtolea mfano wa mtu mwenye kumtegemea Mola wake. Sikutaja jina, lakini kijiji kizima kilijua ni nani.

Siku ile alikuwa na siku nane bila dawa, na hakuna lililotokea. Usiku wa kumi, watu wakiota moto, alianguka kichwa mbele jikoni, mkono wake wa kushoto ukaingia katika makaa. Walipomtoa, akaanguka tena kabla fahamu hazijarudi, kisha tena, na tena. Wanaume walimbeba kwa machela ya miti, wakipokezana gizani mpaka barabara kuu, na huko wakapata gari karibu na alfajiri. Madaktari walifanikiwa kukikata kifafa kile. Aliishi, Alhamdulillahi. Lakini vidole viwili vya mkono ule vimejikunja na kugandamana hata leo.

Balaa halikuishia hapo. Kijana angali wodini, maneno yakaanza kijijini. Watu wakasema: siku tisa alikuwa mzima bila vidonge, basi bila shaka amerogwa. Wakatafuta wa kumtwisha, wakamwona mjane mmoja jirani asiye na mtoto wala ndugu wa kumtetea. Mnajua maneno kama hayo katika nchi yetu huishia wapi. Aliyeyazima, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, alikuwa muuguzi mmoja wa makamo, aliyemwuliza baba swali moja tu: "Vidonge aliviacha lini?" Akahesabu kwa vidole vyake mbele yetu. Akatueleza kuwa dawa hii hutoka mwilini polepole mno. Kwa muda wa siku tatu au nne hupungua nusu, siku nyingine kama hizo hupungua nusu ya ile nusu, na kufika siku ya kumi kilichobaki ni kidogo sana. Ugonjwa ulikuwa ukingoja siku hizo. Yule mjane hakuwa na habari.

Basi ndugu zangu, nilipoyasikia maneno ya muuguzi yule niliona haya, kwa sababu mtu aliyesimama mimbarini na kuusifu mwenendo wa baba yule alikuwa mimi.

Sasa na tuelewe kwa nini jambo hili huwa hivi. Dawa nyingi mtu huzimeza siku chache, ugonjwa ukatoka, na dawa zikaachwa. Lakini ziko dawa ambazo zikikaa mwilini muda mrefu, mwili wenyewe hubadilika kwa ajili yake. Fenobabitoni hutuliza msisimko wa ubongo. Ubongo ukimpata mtulizaji huyo kila usiku kwa miaka, hujipanga upya ukijua kuwa yupo. Akiondolewa ghafla, ubongo huruka kwa nguvu kuliko hata ule ugonjwa wa awali, na ndipo hutokea kifafa kisichokatika, mshtuko juu ya mshtuko, ambacho huweza kuua.

Aliyewaona vijana wakishuka vilima vya Heru Juu na baiskeli zenye mikungu ya ndizi ananielewa. Kushuka ni lazima, kwa kuwa soko liko chini. Lakini hakuna mwenye akili aiachaye breki kileleni akasema nimemtegemea Mungu. Hubana breki, huachia kidogo, hubana tena, na penye kona hushuka akatembea.

Dawa hii ya fenobabitoni si ngeni wala si ya kutilia shaka. Daktari wa Ujerumani aitwaye Alfred Hauptmann alitangaza mwaka 1912 kuwa inazuia kifafa, na Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima mwaka 1977, nayo ilikuwamo. Katika nchi yetu hii, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mwaka 1960, mahali ambapo wagonjwa wa kifafa walikuwa wakitengwa na kuogopwa kama wakoma. Mwaka 1992 yeye na daktari Rwiza walitoa taarifa ya wagonjwa 164 waliofuatwa kwa miaka 30. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamekwisha kufa, na miongoni mwa vilivyowaua ni kifafa chenyewe kisichokatika, maji na moto. Nasema haya ili asiwepo mtu wa kusema kuwa kifafa ni aibu tu ya kuanguka mbele za watu. Ni ugonjwa unaoua, na kinachouzuia katika nyumba nyingi za vijijini ni kile kidonge kidogo cha usiku.

Je, maana yake ni kuwa aliyeanza dawa amefungwa nayo mpaka kaburini? La. Hapa ndipo wengi hukosea kwa upande wa pili. Mgonjwa wa kifafa akikaa miaka miwili bila kuanguka hata mara moja, ana haki ya kwenda kwa daktari wake na kumwuliza: Je, naweza kuacha? Daktari ataangalia ugonjwa ulianzaje, ubongo una kovu au hauna, na kazi ya mtu ni ipi. Wakikubaliana, dawa hupunguzwa kwa muda usiopungua miezi miwili, na mara nyingi zaidi ya hapo. Tuseme mtu mzima anameza vidonge vitatu vya miligramu 30 kila usiku. Daktari huenda akaagiza apunguze nusu kidonge, akae majuma kadhaa, aangaliwe. Kisha nusu nyingine, akae tena. Dalili zikirudi, hurudi kwenye daraja aliyokuwa nayo na kwenda hospitali upesi. Hajashindwa mtihani wowote. Amejua tu kuwa mwili wake bado unahitaji msaada.

Tena tusidanganyane. Hata anayepunguza kwa utaratibu hana dhamana. Katika uchunguzi mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza na kutangazwa mwaka 1991, watu 1,013 waliokaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka waligawanywa: wengine waliendelea na dawa, wengine walipunguziwa polepole mpaka wakaacha. Baada ya miaka miwili mingine, katika kila watu 100 walioendelea, 78 hawakuanguka tena. Na katika kila 100 waliopunguziwa, 59 hawakuanguka. Kwa hiyo wapo wengi wanaoacha salama, na wapo wasioweza. Mtu apewe hesabu hiyo kabla ya kuamua, kwa kuwa maisha ni yake. Na katika miezi ile ya kupunguza na ile ya mwanzo baada yake, asipande mti, asiendeshe baiskeli barabarani, asivuke mto peke yake, wala asiachwe peke yake jikoni.

Ndugu Waislamu, utaratibu huu wa kushuka daraja kwa daraja si mgeni katika dini yetu. Qur'ani Tukufu haikuteremka kwa usiku mmoja juu ya watu; iliwafikia kwa miaka 23. Na ulevi, ambao Waarabu waliuzoea kama maji, haukuharimishwa kwa neno moja la siku ya kwanza. Katika Sura ya Al-Baqara watu walijulishwa kuwa madhara yake yanashinda manufaa yake. Katika Sura ya An-Nisaa walikatazwa kuikaribia Sala hali wamelewa. Ndipo katika Sura ya Al-Maida ukaja mkato wa mwisho, na Madina ikamwaga pombe zake njiani. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa lau katazo hilo lingekuja mwanzo kabisa, watu wangelikataa. Mola wetu alikuwa na uwezo wa kuamrisha yote kwa saa moja, lakini Yeye ndiye aliyewaumba watu hawa, na anajua kuwa kilichozoeleka hakiondoki bila kishindo.

Asije mtu akatoka hapa akasema Sheikh ameruhusu pombe iachwe kidogo kidogo. Hukumu imekwisha kukamilika, na aliyetubu ametubu leo. Ila nitaongeza neno ambalo watu wa familia wanalihitaji: mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka mingi, akaacha ghafla, huweza kutetemeka, kuona yasiyokuwapo, hata kuanguka kifafa siku ya pili au ya tatu. Mwenye toba kama huyo apelekwe hospitali alindwe siku hizo kwa dawa. Msimfungie chumbani mkasema mashetani yanamtoka.

Iko dawa nyingine nitakayoikalia kidogo, kwa sababu imejaa katika nyumba zetu bila watu kuijua sawasawa, nayo ni prednisoloni. Hutolewa kwa pumu, kwa maradhi ya viungo na ya ngozi, na kwa mgonjwa wa ukoma ambaye mishipa yake ya fahamu imevimba na kuuma. Ni dawa yenye nguvu na faida kubwa. Juu ya kila figo Mwenyezi Mungu ameweka tezi ndogo ambayo kila siku hutengeneza kitu cha jamii hiyohiyo, na bila ya kitu hicho mwili hauwezi kustahimili homa, jeraha, wala njaa. Mtu akimeza prednisoloni kila siku kwa zaidi ya majuma matatu hivi, tezi ile huona kazi yake inafanywa na mwingine, nayo husinzia. Vidonge vikikatwa ghafla, tezi haiamki papo hapo. Mtu hulegea, hutapika, hupata kizunguzungu anaposimama, shinikizo la damu hushuka, na akipatwa na malaria siku hizo huweza kufa kwa ugonjwa ambao mwenzake angeushinda.

Ndiyo sababu mgonjwa wa ukoma mwenye mishipa iliyovimba hupewa ngazi ya majuma 12. Katika utaratibu uliozoeleka wa Shirika la Afya Duniani, huanza na miligramu 40 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu tano, kwa majuma mawili. Kisha vidonge sita kwa majuma mawili, kisha vinne, kisha vitatu, kisha viwili, na majuma mawili ya mwisho kidonge kimoja. Wanafunzi wakipiga hesabu wataona ni vidonge 336, na kila kimoja kina siku yake. Nimeitaja ngazi hii ili muone jinsi ilivyopimwa, wala nisisikie mtu ameiandika akaitumia kwa pumu ya mama yake. Kila ugonjwa una ngazi yake, na kila mwili una yake.

Nawaonya hasa juu ya vidonge na unga visivyo na jina vinavyouzwa magulioni kuwa ni dawa ya mgongo na magoti. Mzee akimeza, maumivu yanakwisha siku ya pili, hamu ya chakula inarudi, uso unajaa na kuwa mviringo kama mwezi. Watu humsifu kuwa amenawiri, kumbe mikono na mapaja yanapungua. Dalili hizo ni za dawa ya jamii ya prednisoloni. Aliyetumia kitu hicho kwa miezi asikitupe kwa hasira leo hii; akichukue mkononi, akipeleke hospitali, aseme kweli.

Ziko nyingine: vidonge vya usingizi kama diazepamu, walivyopewa baadhi ya watu walioona makubwa vitani wakakosa usingizi, propranololi ya moyo na shinikizo la damu, ambayo ikikatwa ghafla moyo huweza kushikwa, na nyingi za dawa za maradhi ya akili. Zote hizo hushukwa kwa ngazi.

Lakini si kila dawa! Asiye na elimu huchukua kanuni moja akaipaka kila mahali. Dawa mseto ya malaria ni ya siku tatu, vipimo sita, vyote kamili. Anayepunguza siku ya mwisho amewaachia vimelea. Dawa za kifua kikuu humezwa kamili mpaka siku ya mwisho iliyopangwa, kisha huachwa zote. Na dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hazipunguzwi wala haziachwi. Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari siku ya kwanza anapokuandikia dawa ni hili: "Hii nitaiachaje?" Wengi wetu huuliza inamezwaje, tukaondoka.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi nanyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, narudi kwenye Ramadhani iliyo mlangoni. Mgonjwa ameruhusiwa kwa nassi ya Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara, kufungua na kulipa siku nyingine. Na yule ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona, naye hawezi kufunga, atatoa kibaba cha chakula kwa masikini kwa kila siku. Ruhusa hiyo imetoka kwa Mwenye funga mwenyewe. Anayeikataa na kuuangamiza mwili wake hajamzidi Mwenyezi Mungu kwa uchaji.

Hata hivyo, wengi wenye maradhi haya hawana haja ya kuchagua baina ya funga na dawa. Fenobabitoni humezwa mara moja kwa siku, usiku, nao usiku wa Ramadhani uko wazi. Prednisoloni kwa kawaida humezwa asubuhi pamoja na chakula, na kwa mfungaji daktari huweza kuihamishia wakati wa daku. Jambo la kuangaliwa kwa mwenye kifafa ni usingizi, kwa kuwa kukesha humletea kifafa upesi kuliko njaa. Kijana wa namna hiyo asali Tarawehe yake alale mapema, wala asichekwe na wenzake kwa kutokaa barazani mpaka daku. Na ikiwa ameona kuwa kila akifunga huanguka, basi huyo ni mgonjwa kamili wa sheria, na ruhusa ni yake. Mwendeeni daktari wiki hii, kabla mwezi haujaandama. Hospitali zetu za wilaya za Kasulu na Kibondo zipo, na zipo za misheni, kama Kabanga, na Heri iliyo katika Buhigwe, wilaya iliyokatwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Kwenda kutibiwa kwa asiye wa dini yako hakuipunguzi imani yako, Mtume (S.A.W.) alipohama Makka, aliyemwonyesha njia alikuwa mtu asiyekuwa Mwislamu, akamwamini kwa ujuzi wake.

Kuna wanaoniuliza juu ya kombe na kisomo. Mwenye kumsomea mgonjwa wake Qur'ani na kumwombea, amefanya jema. Lakini msomaji anayemwambia mgonjwa, "Tupa vidonge vya hospitali ndipo kisomo kifanye kazi," huyo amebeba dhamana ambayo hawezi kuilipa. Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, alimwelekeza amfunge kwanza. Na mabedui walipomwuliza kama wajitibu, aliwaambia wajitibu, kwa kuwa hakuna ugonjwa usiowekewa dawa isipokuwa uzee.

Wala kifafa si laana. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Ibn Abbas (R.A.) alimwonyesha Ata mwanamke mweusi akamwambia kuwa huyu ni katika watu wa Peponi. Mwanamke yule alikuwa akianguka, akaja kwa Mtume kumwomba dua. Mtume akamhiyarisha: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba asiwe akifunuka mwili anapoanguka, na Mtume akamwombea hilo. Ndugu zangu, tazameni yule bibi aliomba nini. Aliomba sitara. Ni wangapi katika sisi wanaokimbia mgonjwa anapoanguka, wakasema povu lake linaambukiza, wakamwacha yu wazi mbele za watoto wanaocheka? Povu haliambukizi. Mwondoe kwenye moto na maji, mlaze ubavu, mwekee nguo chini ya kichwa, mfunike. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Mshtuko ukizidi dakika tano, au ukifuatwa na mwingine kabla fahamu hazijarudi, tafuta gari, hata kama ni usiku wa manane.

Mama mjamzito anayemeza dawa hizi asiziache kwa hofu ya mtoto bila kuuliza. Kuanguka kwake kunamdhuru yeye na mtoto pamoja. Aende kliniki mapema, ikibidi dawa ibadilishwe huko.

Limebaki jambo la njia na fedha, nalo ndilo linalowakatia wengi dawa bila wao kutaka. Mvua zikianza, barabara zetu za udongo mnazijua. Zahanati huishiwa, nauli hukosekana, na mgonjwa husema nitakwenda gulio lijalo. Vidonge vikibaki vya siku 14, safari na ianze kupangwa. Wanafunzi mlio katika nyumba zenye wagonjwa, chukueni karatasi, pigeni mistari ya siku, na kila usiku mzee akimeza mtie alama. Akiwa katika kupunguza, andikeni daraja yake pembeni, muende nayo kwa daktari. Na jirani anayekwenda mjini kwa baiskeli au pikipiki apite kwanza kwa mwenye mgonjwa aulize kama kuna cheti cha dawa cha kupeleka. Kamati ya msikiti huu imekubali kuwa sehemu ya sadaka ya Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi itakuwa nauli ya wagonjwa wasiojiweza, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Mwenye kuhitaji amwone mweka hazina baada ya Sala. Hataulizwa mbele za watu.

Yule kijana wa vidole viwili sasa ni mtu mzima mwenye mke na shamba. Alirudi kwenye dawa, akakaa nayo miaka mingine. Mwaka uliofuata wa kuiacha, aliiacha kwa miezi saba, nusu kidonge kwa nusu kidonge, na karatasi yake ya alama alinionyesha. Nimepata ruhusa yake kuyasema haya. Yule mjane alifariki kwa maradhi ya uzee, akazikwa na kijiji kizima, na baba wa kijana alikuwa miongoni mwa walioingia kaburini kumpokea.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, waliolala Kasulu na Kibondo na waliolala majumbani bila wa kuwatazama. Wape waganga wetu uangalifu na wauguzi wetu subira. Tusamehe tuliosema mimbarini tusiyoyajua. Tufikishe Ramadhani tukiwa wazima, na asiyeweza kuifunga umkubalie udhuru wake. Amin.

Nyosheni safu. Muadhini, kimu Sala.